Mvua ya Mawe na Bima ya Paa: Nasaha kwa Wanachama Wenye Nyumba Chamwino



Kurasa hizi zimezoea kuzungumza habari za mikarafuu: upandaji wa miche, uchumaji usiovunja matawi, uanikaji, na usafi wa karafuu kavu kabla ya kupelekwa kituoni. Leo twapenda kutoka shambani kidogo twende bara, mpaka Chamwino katika mkoa wa Dodoma. Twaenda huko kwa sababu fedha za karafuu nazo zimekwenda huko.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi mwendo wake ulikuwa wa pole. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhama kwa nguvu, mambo yamebadilika. Ikulu mpya ya Chamwino ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2023, na mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa ikaanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma. Mtu aliyepanda boti asubuhi aweza kulala Dodoma usiku ule ule. Wamo miongoni mwetu wenye vijana wanaofanya kazi huko, na wamo walionunua viwanja wakajenga, wengine kwa ajili ya watoto wao, wengine kwa kupangisha. Nyumba hizo karibu zote zimeezekwa bati.

Sasa twauliza swali moja: mvua ya mawe ikiishukia nyumba ile, ni nani atakayelipa? Wengi hujibu upesi, "Mimi nina bima." Jibu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Bima ya nyumba ni maneno yaliyoandikwa katika hati, na jambo ambalo halikuandikwa humo halilipwi. Tena mtu wa kisiwani, ambaye hakuzoea kuona mawe yakianguka kutoka mbinguni, ndiye wa kwanza kusahau kuuliza kama mawe hayo yametajwa.

MAWE HAYO YATOKA WAPI

Yafaa kwanza tujue kwa nini sisi wa pwani hatuyajui sana na wenzetu wa bara wanayajua. Wingu kubwa la radi lina upepo wenye nguvu unaopanda juu. Upepo huo huyachukua matone ya maji mpaka mahali penye baridi kali, yakaganda kuwa barafu. Kipande cha barafu kikielea humo, maji mengine hukigandia, nacho huongezeka unene. Kikishakuwa kizito hata upepo usiweze tena kukibeba, huanguka.

Katika nchi zetu za joto, mahali ambapo maji huanza kuganda ni juu sana, kadiri ya mita 4,500 hadi 5,000 kutoka usawa wa bahari. Kipande cha barafu kinachoangukia kisiwani kina safari ndefu ya kupita katika hewa ya joto, na aghalabu huyeyuka kabla ya kufika chini. Ama uwanda wa Dodoma uko juu ya mita 1,000, kwa hiyo safari ni fupi zaidi. Na kadiri nchi inavyoinuka, ndivyo mawe yanavyozidi kufika mazima. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi, huko Kenya, wamejulikana ulimwenguni kote kwa wingi wa siku za mvua ya mawe, na kwao ni hasara ya kila mwaka inayotiwa katika hesabu za mashamba.

Kipande chenye upana wa sentimita 2.5 hadi 4.5 huteremka kwa mwendo wa kilomita 40 hadi 65 kwa saa. Upepo ukikisukuma kwa ubavu, nguvu yake huzidi. Jiwe kubwa kuliko yote lililopimwa Marekani liliokotwa huko Vivian, South Dakota, mwaka 2010. Upana wake ulikuwa kadiri ya sentimita 20. Mawe ya namna hiyo ni nadra. Lakini bati jembamba, lenye kutu, lililopigiliwa juu ya mbao zilizoachana mno, halina haja ya kungoja jiwe kama hilo ili liharibike.

YALIYOTOKEA MWAKATA

Asidhani mtu kwamba twazungumza mambo ya mbali. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe na upepo mkali ilishuka katika kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walikufa na mamia ya nyumba yakaharibika. Wengi waliokufa waliangukiwa na kuta, kwani nyumba nyingi zilikuwa za matope. Kuta zilipolowa na paa lilipokwenda, hapakubaki kitu cha kuzishika. Misaada ilipelekwa kutoka serikalini na kwa watu wema, lakini mtu mwenye akili haifanyi hisani ya wengine kuwa ndiyo mpango wa nyumba yake.

Nasi wakulima wa karafuu si wageni wa misiba inayotoka angani. Dhoruba ya mwezi wa Aprili 1872 iliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa siku moja. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndipo Pemba ilipoishika nafasi ya kwanza katika karafuu. Mkarafuu uliopandwa leo wataka miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri. Aliyekuwa na shamba upande mmoja tu alibaki kutazama visiki. Katika zama zile hapakuwa na bima ya kumshika mkulima mkono. Siku hizi ipo: Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, la Zanzibar mwaka 1969, na tangu soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990 makampuni mengi yamejiunga. Iliyobaki ni kujua kuinunua na kujua kuidai.

TEMBE NA BATI

Wagogo, wenyeji wa Chamwino, walikuwa na nyumba yao iitwayo tembe. Paa la tembe ni la bapa: magogo mazito, juu yake fito na matawi, na juu kabisa udongo mzito uliokandamizwa. Jiwe la mvua likianguka juu ya udongo ule halina la kufanya. Ubaya wa tembe ni mwingine: mvua nyingi huulowesha udongo, uzito huongezeka, na mchwa hula magogo. Basi watu walipopata uwezo walihamia kwenye bati, na wala hatuwalaumu.

Lakini aliyeacha paa zito akachukua paa jepesi hapana budi ajue kwamba amebadilisha adui. Bati jembamba hulindwa na mambo matatu: unene wake, ukaribu wa mbao zinazolishika, na uzima wa rangi au madini yaliyopakwa juu yake. Wanachama wakumbuke kwamba katika hesabu ya geji, tarakimu ikiwa kubwa bati huwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Wengi hununua geji 32 kwa sababu bei yake ni nafuu, halafu fundi naye hupunguza mbao za papi ili mwenye nyumba afurahi. Mvua ya mawe ikija, unafuu ule wote hurudishwa kwa siku moja.

Tena madhara ya mawe si matundu peke yake. Mara nyingi bati hubonyea tu, na mwenye nyumba hushukuru kwamba halikutoboka. Lakini mahali palipobonyea, hasa karibu na misumari na pale bati mbili zinapolaliana, tabaka la juu laweza kupasuka. Kutu huanza polepole, na baada ya misimu miwili mitatu dari huonyesha madoa. Wakati huo ukienda kudai fidia, utaulizwa: mawe hayo yalianguka lini, na ulitoa taarifa lini?

HESABU YA PAA

Sasa tuje kwenye gharama. Bei za madukani hubadilika kila msimu, kwa hiyo tarakimu tutakazozitaja hapa ni za mfano wa hesabu tu. Kila mwanachama aweke bei za duka lililo karibu na nyumba yake.

Tuseme nyumba ya Chamwino ina bati 70, na mawe yameharibu 30. Tuseme bati moja zuri ni shilingi 35,000. Bati 30 ni shilingi 1,050,000. Mwenye nyumba asipotazama sana atadhani hiyo ndiyo hasara yake. Lakini aongeze misumari na kofia za paa, tuseme shilingi 150,000. Mbao za kubadilisha zile zilizolowa au kuvunjika, 200,000. Ujira wa fundi na wasaidizi wake, 300,000. Usafiri wa kupeleka vifaa, 100,000. Na dari iliyoharibika kwa maji, 400,000. Jumla inakuwa shilingi 2,200,000. Kumbe bati zenyewe hazifiki hata nusu ya gharama.

Kwa hiyo anayeandika madai ya bima kwa kuhesabu bati tu amejinyima mwenyewe. Na anayeweka akiba ya bati tu atakwama katikati ya kazi, nyumba ikiwa wazi na mawingu yakikusanyika. Visisahauliwe pia vioo vya madirisha, tangi la maji la plastiki, na paneli za umeme wa jua, ambazo zimekuwa nyingi juu ya mapaa ya huko. Vitu hivi mara nyingine haviingii katika bima mpaka vitajwe.

KUISOMA HATI YA BIMA

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Twawaombeni kila mwenye hati ya bima ya nyumba aitoe kabatini aitazame kwa mambo sita yafuatayo.

La kwanza, je, mvua ya mawe imetajwa? Bima ya kawaida ya moto hulipa hasara ya moto na radi, na mlipuko wa namna fulani. Tufani, upepo, mafuriko na mvua ya mawe huongezwa kwa kifungu maalumu, na mara nyingi kwa nyongeza ya ada. Aliyenunua bima ya moto peke yake, akapigwa na mawe, hana dai. Mwambieni wakala awaonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa. Maneno ya mdomoni, "Hiyo imo, mzee," hayatoshi.

La pili, thamani iliyoandikwa ni ya kweli? Hapa wengi huumia. Tuseme kuijenga upya nyumba ile kwahitaji shilingi 40,000,000, lakini mwenyewe ameandikisha 20,000,000 ili ada iwe ndogo. Amekata bima ya nusu ya nyumba. Katika hati nyingi mna kanuni ya wastani, na kwa kanuni hiyo atalipwa nusu ya hasara yoyote, ijapokuwa hasara yenyewe ni ndogo kuliko kiasi alichoandikisha. Katika mfano wetu wa paa, hasara ni 2,200,000. Nusu yake ni 1,100,000. Halafu hutolewa kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe kwa kila hasara, tuseme 200,000. Mkononi zinaingia shilingi 900,000, na 1,300,000 zilizobaki anazitafuta mwenyewe.

Naye aliokoa nini? Tuseme ada ni robo ya asilimia moja ya thamani kwa mwaka. Kwa nyumba ya milioni 40 ni shilingi 100,000. Kwa milioni 20 ni 50,000. Aliokoa 50,000 kwa mwaka, na siku ya mawe akapoteza 1,100,000. Ingempasa akae miaka 22 bila ya hasara ndipo hesabu yake isawazike. Kumbukeni pia kwamba thamani inayotakiwa ni gharama ya kujenga upya. Kiwanja hakiingii humo, kwani mawe hayaharibu kiwanja.

La tatu, jina lililoandikwa ni la nani? Mara nyingi fedha ni za baba aliyeko kisiwani, kiwanja kimeandikwa jina la mtoto, na bima imekatwa na mjomba aliyekuwa karibu na ofisi. Siku ya neema hakuna anayeuliza. Siku ya madai kampuni itataka kujua mwenye mali ni nani, kwani bima humlipa mwenye maslahi katika kitu kilichoharibika. Patanisheni karatasi za kiwanja na karatasi za bima mapema. Na ikiwa nyumba imejengwa kwa mkopo wa benki, ombeni nakala ya bima iliyokatwa na benki, mjue inalinda nyumba nzima au deni peke yake.

La nne, nyumba inakaliwa? Hati nyingi zina sharti kwamba nyumba ikikaa tupu kwa muda mrefu, aghalabu siku 30, bima husimama mpaka kampuni iarifiwe na ikubali. Jambo hili latuhusu sisi kuliko watu wengine, kwani nyumba nyingi za wanachama huko hukaa zimefungwa zikingoja mpangaji, au zikingoja mtoto amalize masomo. Barua moja kwa kampuni yaweza kuiokoa bima nzima.

La tano, hali ya paa. Kampuni halilipi uchakavu. Bati lililoliwa na kutu, misumari iliyolegea, mbao zilizooza, vyote hivyo mkadiriaji wa hasara ataviona na kuviandika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na asiyebadilisha bati moja bovu huenda akanyimwa fidia ya bati thelathini. Pigeni picha za paa kila mwaka kabla ya mvua, likiwa zima, mzihifadhi. Picha hizo zitasema kwa niaba yenu.

La sita, hati yenyewe ni ya kweli? Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania ina mtambo uitwao TIRAMIS ambao waweza kutumiwa kuhakikisha kwamba bima imesajiliwa. Ulizeni leseni ya wakala, lipeni kwa njia inayoacha kumbukumbu, na dai risiti siku ile ile. Ada ambayo haikufika kwa kampuni haikumlinda mtu. Wale wanaopenda mpango wa takaful, nao siku hizi unapatikana nchini; lakini maswali haya sita ni yale yale, wayaulize vile vile.

SIKU MAWE YAKIANGUKA

Mvua ya mawe ikianza, roho kwanza, mali baadaye. Walio ndani wakae mbali na madirisha na mbali na kuta dhaifu, na mtu asitoke kwenda kuokoa nguo kambani wala kutazama gari. Ikiisha, asipande mtu juu ya paa lililo na maji na barafu. Nyaya za umeme zikiwa zimelegea, uzimeni umeme kwanza.

Kisha fuateni taratibu hii. Pigeni picha za nje na za ndani, na picha ya mawe yenyewe yakiwa bado hayajayeyuka, yamewekwa kando ya kitu kinachojulikana ukubwa wake, mathalan sarafu au kiberiti. Ingieni darini mchana, milango ikiwa imefungwa. Kila mahali mwanga unapopenya pana tundu. Tieni alama ya chaki na hesabuni bati moja moja.

Arifuni kampuni ya bima siku ile ile, na simu ifuatwe na maandishi. Mwenye nyumba aliyeko Wete au Mkoani hawezi kufika Chamwino siku hiyo, kwa hiyo na awe na mtu huko, mpangaji, jirani au ndugu, aliyekwisha kuambiwa la kufanya na aliye na nakala ya hati. Pateni barua ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa inayothibitisha kwamba siku fulani mvua ya mawe ilinyesha hapo. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo ina kumbukumbu zake, na dai likibishaniwa zaweza kuombwa.

Msikae mkiitazama nyumba ikilowa kwa hoja ya kwamba mnamngoja mkadiriaji. Ni wajibu wa mwenye bima kuzuia hasara isizidi. Funikeni kwa turubai, hamisheni vitu, na wekeni risiti za gharama hizo. Ila matengenezo makubwa yangoje mpaka mkadiriaji aone. Wala msiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu bati zilizoharibika kabla hajafika, kwani hizo ndizo ushahidi wenu.

Chukueni makadirio ya mafundi wawili au watatu, kila moja likiwa limeandikwa kitu kwa kitu, kama tulivyohesabu hapo juu. Jihadharini na fundi anayezuka siku ya pili ya maafa, akitaka alipwe fedha zote kwanza. Na msimruhusu mtu kunyoosha bati kwa nyundo, kwani kila pigo hupasua zaidi lile tabaka la juu. Tundu dogo kwenye bati zima laweza kuzibwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Bati lililopasuka au kukunjika mahali pa msumari libadilishwe. Na ikiwa nyumba ni ya zamani yenye paa la asbesto, mtu asilikate wala kulivunja ovyo, kwani vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Waitwe wenye ujuzi.

Kampuni likitoa kiasi msichokubali, msitie saini ya kumaliza madai kwa sababu ya haraka. Ombeni sababu kwa maandishi, na muulize ni kifungu gani cha hati kilichofuatwa. Mkiendelea kutoridhika, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili kusikiliza malalamiko ya wananchi bila ya kwenda mahakamani kwanza. Mwenye karatasi zake kwa mpangilio husikilizwa vizuri zaidi kuliko mwenye maneno makali.

ASIYE NA BIMA

Twajua kwamba si kila mwanachama ataweza au atapenda kukata bima. Huyo naye asikae bure. Akijenga, anunue bati nene kidogo, asogeze mbao za papi karibu, atumie misumari yenye mpira, na afunge kenchi kwa ukuta barabara, kwani mawe huja na upepo. Aliyekwisha kujenga kwa bati jembamba aweza kuongeza mbao chini ya bati zile zile. Ni gharama ndogo, na paa hupata nguvu. Halafu kila msimu wa karafuu, kabla ya fedha kutawanyika kwa harusi na deni za duka, na atenge sehemu kwa ajili ya paa. Akiba haiozi.

Vijiji na kata zina kamati za maafa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Mwenye nyumba ajulikane na viongozi wa mahali pake, hata kama yeye mwenyewe yuko ng'ambo ya bahari. Nyumba isiyojulikana mwenyewe huandikwa mwisho katika orodha, au haiandikwi kabisa.

Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa tahadhari. Karafuu zikiwa zimeanikwa juu ya majamvi, jicho moja liko kwenye kazi na jingine liko kwenye wingu. Tone la kwanza likianguka, nyumba nzima hukimbilia sakafuni, mkubwa na mdogo. Hakuna asemaye, "Tungoje tuone kama itanyesha sana." Tabia ile ile twaitaka kwa nyumba zilizo mbali na macho yetu. Tofauti ni kwamba wingu la Chamwino hatulioni kutoka hapa, kwa hiyo hatuwezi kungoja tone la kwanza.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili. Basi kila mwenye nyumba huko na aitazame hati yake kabla ya mwezi wa Novemba, na ayajibu yale maswali sita. Atakayeona neno asilolifahamu na aje na hati yake katika mkutano wa tawi lake, tuisome pamoja kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Wenye kujua kusoma hati hizo wamo miongoni mwetu, na hawatozi kitu.